Jiko la Minyororo kwenye Mashua ya Tata

Alhamisi, 2 Juni

Nimegeuza buni juani tangu asubuhi. Mikeka imejaa ua mzima. Mikono inanuka kahawa mbichi hata baada ya kunawa.

Baba mdogo Deo anakaa jikoni kwa Bibi siku nzima, karibu na moto. Amekonda sana. Nilipokwenda shule mwezi wa kwanza alikuwa bado anashika usukani wa mashua ya Tata, baba yangu. Sasa hashiki kitu. Mkewe tulimzika mwaka jana. Hapa nyumbani hakuna anayetaja jina la ugonjwa. Barabarani watu wanasema silimu. Shuleni Sista Benedikta anasema UKIMWI na anaandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Wakati wa chakula Tata alisema mashua itaendelea na watu watatu: yeye, Ta Ishengoma na Bushira. Baba mdogo alisikia kupitia ukuta wa matete. Aliinuka akaenda migombani, akakaa huko mpaka jua likapoa.

Nina huzuni. Lakini pia nataka kujua. Kwenye mashua kuna kazi gani ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa?

Ijumaa, 3 Juni

Nimeshuka mwaloni, mashua zinapofungwa, na Mama kupeleka ndizi za kupakia. Mashua huzipeleka kisiwani Bumbire, kule Muleba, na kurudi na samaki wakavu. Safari ni siku nzima, au zaidi upepo ukilala.

Nilimuuliza Bushira wanakula nini njiani. Alicheka. Akafungua kifurushi: ndizi zilizochemshwa jana, baridi, ngumu kama sabuni. Alisema, "Hii ndiyo hoteli yetu, Adventina. Anayelalamika anaogelea."

Wanaloa, wanatetemeka, wanakula vya baridi. Hakuna aliyewahi kupika humo.

Jumapili, 5 Juni

Kazi ya kukaa ni kupika.

Nilimwambia Tata baada ya misa. Nilisema mashua ikiwa na jiko itahitaji mpishi, na mpishi havuti kamba wala hashindani na usukani. Sikutaja jina. Alijua.

Akasema moto na mashua ni maadui. Mbao zina lami, tanga limeshonwa kwa mifuko ya unga na ni kavu kama nyasi. Akasema nikimwonyesha moto unaotulia juu ya maji, tutazungumza. Nafikiri alisema hivyo ili ninyamaze. Sitanyamaza.

Jumanne, 7 Juni

Nimeaibika.

Nilitengeneza sinia la mbao, nikajaza mchanga, nikapanga mafiga matatu kama jikoni. Mawe niliyaokota ufukweni, mazuri, ya mviringo. Mashua ilikuwa imefungwa karibu na nchi kavu. Nikawasha. Maji yakaanza kuimba kwenye sufuria. Nilifurahi.

Kisha figa moja likapasuka kwa mlio kama bunduki. Kipande kikampita Bushira sikioni. La pili nalo. Sufuria ikalala, moto ukazimika kwa maji. Watu wa mwaloni walidhani vita vimerudi. Mwanamke mmoja alilala chini kabisa, akiwa na beseni lake la dagaa.

Ta Ishengoma, ambaye ndiye mzee kuliko wote kwenye mashua, aliondoa kiko mdomoni akaniuliza kama shule siku hizi inafundisha mizinga.

Jumatano, 8 Juni

Baba mdogo amenieleza. Jiwe la ziwani limekunywa maji miaka mingi. Ukilitia motoni, maji yanatafuta mlango. Mafiga ya Bibi yalitoka mlimani.

Alinieleza huku akicheka. Sijamsikia akicheka tangu nirudi. Kwa hiyo si hasara yote.

Ijumaa, 10 Juni

Hata mafiga ya mlimani hayafai. Nimejaribu bila moto. Bushira alitikisa mashua kwa miguu, sufuria ikateleza mara moja. Nilifunga sufuria kwa waya. Haikuanguka, lakini ilipoinama na mashua, maji yakamwagika.

Ubaya si sufuria kuanguka. Ubaya ni kwamba inafuata mashua.

Jumapili, 12 Juni

Nimepata. Nimepata kanisani, Mungu anisamehe.

Ilikuwa ibada ya baraka ya Sakramenti, alasiri. Mtumishi alikuwa anatembea na chetezo, akikiyumbisha mbele na nyuma, moshi wa ubani ukipanda. Makaa yamo ndani. Anakiyumbisha kwa nguvu na hakuna kaa hata moja linaloanguka. Nilisahau kuimba. Mama alinigusa kwa kiwiko.

Chetezo kimening'inia. Mkono ukienda huku, chenyewe kinatafuta chini.

Niliporudi nilifunga sufuria ya maji kwa kamba tatu kwenye ufito, nikamwambia Mama ashike ncha moja na mimi nyingine. Tukainua na kushusha. Ufito ulilala upande. Maji hayakulala. Mama aliuliza huu ni mchezo gani wa msichana mkubwa. Kisha akasema, "Hebu tena."

Jumatatu, 13 Juni

Tunahitaji kitu cha chuma cha kuweka makaa. Bibi ana sanduku la risasi lililoachwa na askari wakati wa vita. Nilikuwa mdogo, nakumbuka malori tu na vumbi. Tangu wakati ule anahifadhia mbegu za maharage. Panya hawaliwezi.

Niliogopa kumwomba. Baba mdogo alimwomba yeye mwenyewe. Bibi alimwaga maharage kwenye kapu, akalipangusa sanduku kwa kanga yake na kumpa. Akamwambia kwa Kihaya kwamba lilikuja na kifo, basi liende likapike.

Jumatano, 15 Juni

Nilikwenda mjini na Tata. Fundi baiskeli wa Rwamishenye alitupa minyororo mikuukuu ya baiskeli kwa mkungu mmoja wa ndizi. Aliuliza ya nini. Tata akasema, "Ya kufunga moto." Fundi alimwangalia Tata kama mtu mwenye homa kali.

Tata ameanza kusema "jiko letu". Simwambii kuwa nimesikia.

Alhamisi, 16 Juni

Baba mdogo ametoka jikoni. Amekaa kivulini na patasi na nyundo, anatoboa pembe za sanduku ili minyororo ipite. Anapumzika, anatoboa. Jasho linamtoka jingi kuliko kazi yenyewe. Tulipaka ndani udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ili chuma kisiunguze mbao. Juu tukaweka vyuma viwili vya kukalishia sufuria, na waya wa kuishika.

Nilipendekeza sanduku lining'inie huru kabisa. Alikataa. Alisema ziwa si padri, halitayumbisha kwa adabu. Akafunga kamba moja chini, imelegea kidogo, ili jiko liyumbe bila kurukaruka. Sikulifikiria hilo.

Jumamosi, 18 Juni

Mahali pa kulitundika tulibishana sana. Mbele ya mashua, cheche zingerudi kwenye tanga wakati wa upepo wa mbele. Nyuma, moshi ungempofusha mshika usukani. Nilichukua unyoya wa kuku nikasimama kila mahali kuona unaelekea wapi. Bushira alinifuata na unyoya wake akiniiga.

Tumechagua katikati, nyuma kidogo ya mlingoti, chini ya ukingo wa mashua, na bati la debe limezunguka pande tatu. Baba mdogo anaweza kukaa kwenye ubao hapo hapo na kufikia kila kitu: makaa kulia, maji kushoto, ndoo ya mchanga kati ya miguu kwa ajili ya hatari.

Tukawasha. Bushira akatikisa mashua mpaka akachoka. Uji ulichemka ukiwa umetulia kama uko nyumbani. Tata alitia kidole kwenye uji akalamba. Alisema moto umetulia, ameona.

Basi nikadhani tumemaliza.

Ta Ishengoma alikuwa amekaa juu ya magunia. Akasema kwa upole, bila kumtazama mtu, "Jiko zuri. Lakini mimi sitakula mkononi mwa mgonjwa."

Baba mdogo alikuwepo. Aliendelea kukoroga.

Jumapili, 19 Juni

Nina hasira na Ta Ishengoma. Tata anasema nisiwe nayo. Mzee huyo amezika wanawe wawili, wote watu wazima, na hakuna aliyemweleza ni nini kilichoingia nyumbani mwake. Mtu wa namna hiyo haogopi Deo. Anaogopa kila kitu.

Nilimwambia Tata alichotufundisha Sista na muuguzi aliyekuja shuleni: ugonjwa hauambukizi kwa chakula, wala kwa kukaa pamoja. Tata alisema ananiamini, ila mashua haiendi kwa imani ya mtu mmoja. Watu watatu wasiokula pamoja hawawezi kuvuta kamba moja.

Ameamua hivi. Safari moja ya kujaribu. Mimi nitakwenda pia, kwa kuwa jiko ni langu. Wakila, Baba mdogo ni mpishi wa mashua. Wasipokula, atabaki nchi kavu, na nisilitaje tena jambo hili.

Baba mdogo ameosha shati lake la kazi na kulianika mwenyewe.

Jumanne, 21 Juni

Nimefikiri sana kuhusu Ta Ishengoma. Katika sayansi kimu Sista alitufundisha kila mtu awe na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Hiyo ndiyo njia. Akiwa na sahani yake hatakuwa na la kuogopa.

Mama amenipa sahani za bati. Nimekwangua alama chini ya kila moja kwa msumari ili zisichanganyike. Tata pembetatu, Ta Ishengoma duara, Bushira mstari, mimi nukta, Baba mdogo msalaba. Nimeridhika sana. Nimezifunga kwenye kitambaa safi.

Alhamisi, 23 Juni. Bumbire

Tuliondoka kabla jua halijachomoza, upepo wa nchi kavu ukitusukuma. Sijawahi kuona ziwa kutoka katikati yake. Haya mambo ningeyaandika kwa furaha siku nyingine.

Jiko lilifanya kazi. Mawimbi yalikuwa makubwa, mashua ililala huku na huku, na sanduku lilibaki limenyooka kama mtu anayekataa kushiriki ugomvi. Baba mdogo alipika uji, kisha maharage. Mikono yake ilijua. Uso wake ulikuwa umechangamka.

Chakula kilipoiva nikafungua kitambaa na kugawa sahani. Nilimpa kila mtu yake. Baba mdogo aligeuza ya kwake, akaona msalaba. Akageuza ya Bushira.

"Zote zina alama, Baba mdogo," nilisema. "Ni usafi tu."

"Najua ni usafi." Aliiweka chini. "Miaka yote nimekula na hawa kwenye jani moja. Leo nimerudi, ndipo tumepata sahani."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Kwetu sahani ya peke yako hupewa mgeni, au mtu anayeondoka. Watu wa nyumba moja hukaa kuzunguka jani la mgomba na kila mmoja anakula upande wake. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi ninalijua. Nimelala juu ya jani hilo nikiwa mchanga, nimekula juu yake kila siku ya likizo, na bado nilikwangua msalaba kwa msumari.

Hakuna aliyekula vizuri. Ta Ishengoma hakugusa kabisa. Alitoa muhogo wa kuchoma mfukoni. Bushira hakufanya mzaha wowote. Baba mdogo aliwapa samaki chakula chake.

Tumefika kisiwani alasiri. Tumelala kwa rafiki wa Tata. Tata hajatoa uamuzi. Kesho tunarudi na ndiyo nafasi iliyobaki.

Nimekosa. Niliwaza sana kuhusu hofu ya Ta Ishengoma na sikuwaza hata kidogo kuhusu Baba mdogo.

Ijumaa, 24 Juni

Nimeziacha sahani Bumbire. Mke wa mwenyeji wetu amezifurahia. Hajui kisa chake.

Tulichelewa kupakia. Upepo ulitubeba vizuri, kisha ukafa katikati ya ziwa. Tanga likaning'inia kama nguo. Jua la utosini. Harufu ya samaki wakavu. Njaa.

Baba mdogo hakuulizwa, alianza tu. Alimenya ndizi, akazipanga kwenye sufuria pamoja na maharage na samaki, akafunika kwa majani ya mgomba niliyomletea kutoka kwa mwenyeji wetu. Jani moja kubwa akalibakiza pembeni. Halafu akakaa na kungoja, kama Bibi anavyongoja. Harufu ilipoanza kutoka, Bushira alianza kuzungumza na sufuria. Aliiita mchumba.

Zilipoiva, Baba mdogo alipitisha jani lile juu ya makaa mpaka likalainika, akalitandaza juu ya mbao, akamimina chakula chote katikati. Mvuke mweupe. Akasema, "Karibuni," kwa sauti ya kawaida, na akakaa upande wake.

Nilimtazama Tata. Tata alinawa mikono ziwani akakaa. Bushira akakaa kabla Tata hajamaliza kukunja miguu. Mimi nikakaa pembeni. Kwa kawaida wasichana hatuli na wanaume, lakini hapakuwa na jiko jingine la kwenda, na hakuna aliyenifukuza.

Ta Ishengoma alibaki nyuma, ameshika usukani.

Tulikula. Bushira akiwa na mdomo umejaa akasema, "Ta Ishengoma, unashika usukani wa nini? Upepo hakuna. Au unaogopa mashua itakwenda yenyewe?"

"Kula, wewe."

"Nakula. Ndiyo maana nakuonea huruma, waitu, mzee wangu."

Tukaendelea. Niliona upande wa jani ulio karibu na usukani haujaguswa. Baba mdogo alikuwa anasukuma chakula polepole kuelekea huko kwa ncha za vidole, kama mtu asiyejua anachofanya. Hakumtazama Ta Ishengoma hata mara moja. Mtu akitazamwa hawezi kubadili mawazo.

Mwishowe mzee alikuja. Alikuja na kiko chake, akasema anaomba moto. Moto haunyimwi mtu. Baba mdogo alichukua kaa kwa koleo akamshikia mpaka tumbaku ikashika. Ilichukua muda, mikono yao ilikuwa karibu. Ta Ishengoma alivuta, akatoa moshi. Alisimama hapo juu yetu akivuta. Sote tulijifanya tunatafuna.

Kisha akainama, akamega ndizi upande ule, akachovya kwenye maharage, akala akiwa amesimama.

"Chumvi imepungua," alisema.

Baba mdogo alimpa chumvi. Ta Ishengoma alinyunyiza, akamega tena, akaona kusimama ni taabu kwa magoti yake. Akakaa.

Tata alikohoa na kutazama tanga ingawa tanga halikuwa na habari yoyote. Chakula kilikwisha. Bushira alikwangua jani kwa kidole mpaka akalitoboa.

Upepo ulirudi alasiri.

Jumapili, 26 Juni

Tata alimwambia Bibi baada ya misa, mbele ya wote, kwamba mashua inaondoka Alhamisi na watu wanne. Bibi aliuliza maharage yake atayaweka wapi sasa. Hilo tu.

Baba mdogo amechoka. Amelala tangu tulipotoka kanisani. Nilimpelekea uji. Aliniambia kamba ya chini ya jiko ifungwe upya, imekaza mno, na kwamba nisimletee tena maharage yasiyolowekwa. Hajataja sahani. Nilimwomba msamaha. Alisema ni mimi niliyemtoa jikoni kwa Bibi, na akageukia ukutani akalala.

Sista hakukosea kuhusu ugonjwa. Hakukosea hata kuhusu sahani. Hakuwahi tu kukaa kwenye jani letu.

Ijumaa, 1 Julai

Walirudi salama. Baba mdogo ameungua kidole. Ananionyesha kila mara kama medali.

Jumatatu, 4 Julai

Ninarudi shule. Sanduku langu la nguo liko tayari, sare imepigwa pasi. Mama alinisindikiza barabarani kungoja basi.

Barabara inapopanda kilima unaliona ziwa. Mashua kadhaa zilikuwa zinatoka, ndogo, zote za namna moja. Moja ilikuwa inafuka moshi katikati. Mama alishtuka, akasema ile inaungua. Nikamwambia haiungui.

Tulisimama tukaitazama mpaka basi likaja.